Intaneti Huchaguliwa Inapotumika, Si Inapotangazwa



Juma hili tunaandika juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona geni katika ukurasa huu: namna familia zetu zinavyochagua mtoa huduma wa intaneti ya nyumbani. Wapo watakaosema kwamba padre na ashughulike na altare, mambo ya ruta awaachie mafundi. Tunajibu kwamba fedha inayolipia hiyo ruta ni fedha ya maharage, ya ndizi na ya kuku waliouzwa gulioni. Na kwamba siku kijana wa mlimani anapokosa mkopo wa chuo kwa sababu fomu iligoma kufunguka, anayelia ni mwenzetu. Jambo linalogusa riziki na haki ya watu halimo nje ya mipaka ya parokia.

Msimamo wetu tunauweka mezani mapema ili msomaji asiutafute. Intaneti huchaguliwa mahali inapotumika, wala si mahali inapotangazwa. Yeyote anayetaka fedha ya nyumba ya Mhezi na aithibitishe huduma yake ndani ya nyumba ya Mhezi, kabla ya kulipwa. Familia inayolipa kwanza na kupima baadaye haijachagua chochote. Imechaguliwa na mwenye bango.

Washauri watatu tunaowakataa

Nyumba zetu nyingi huongozwa na washauri watatu, na wote watatu tunawakataa.

Mshauri wa kwanza ni bango. Limesimamishwa tambarare, kando ya barabara kuu ya kwenda Arusha, nalo lasema 4G, lasema 5G, lasema kasi ya ajabu. Pengine chini ya bango lenyewe hayo ni kweli kabisa. Lakini bango halijapata kupanda mlima, wala halijui kama nyumba yako iko juu ya kigongo au imejificha bondeni. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hatusemi kwamba kila kinachotangazwa ni kibaya. Tunasema tu kwamba tangazo ni maneno ya muuzaji, na hakuna Mpare mwenye akili timamu anayenunua ng'ombe kwa kusikia sifa zake bila kumtazama meno.

Mshauri wa pili ni mtoto aliye mjini. Huyu tunampenda na nia yake ni njema. Yeye anaishi Dar es Salaam, mnara uko mtaa wa pili, au faiba imeingizwa mpaka sebuleni kwake. Desemba, wana wa Upare wanaporejea nyumbani kwa Noeli, huja na ruta ndani ya begi kama zawadi kwa wazazi. Mara nyingi ruta hiyo imefungwa isipokee laini ya kampuni nyingine. Mtandao uliokuwa ukikimbia Sinza ukifika huku unatambaa, au haushiki kabisa. Na ifikapo Februari ruta imekuwa pambo la kabatini, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mtoto ametoa fedha, kampuni imepokea, mzazi amebaki na kisanduku. Enyi wana wa Upare mlio mbali, tunawasihi: zawadi ya namna hii msiinunue kabla ya kumuuliza mzazi ni mtandao gani unaoshika jikoni kwake.

Mshauri wa tatu ni bei ya chini. Huyu ndiye mjanja kuliko wote, kwa kuwa anazungumza kwa sauti ya unyenyekevu: "Sisi ni maskini, tuchukue cha rahisi." Lakini rahisi ghali. Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme huduma ya kwanza ni shilingi 20,000 kwa mwezi, nayo kwa kweli inafanya kazi jioni 8 tu kati ya 30. Huduma ya pili ni shilingi 30,000, nayo inafanya kazi jioni 28. Ya kwanza inakugharimu shilingi 2,500 kwa kila jioni yenye faida. Ya pili inakugharimu takriban shilingi 1,070. Aliyedhani ameokoa shilingi 10,000 amelipa zaidi ya mara mbili kwa kile alichokipata. Maskini ndiye hasa asiyeweza kumudu kitu cha rahisi kisichofanya kazi.

Mlima na ndiva

Kwa nini huku si sawa na mjini? Kwa sababu intaneti inayofika katika nyumba zetu nyingi hutoka katika mnara wa simu, na mawimbi ya mnara hayapendi mlima. Mwamba huyazuia, na msitu mnene wenye unyevu huyadhoofisha. Tena mawimbi hayalingani. Yale ya masafa ya chini husafiri mbali na kupenya kuta vizuri zaidi. Yale ya masafa ya juu, ambayo ndiyo hubeba kasi kubwa inayosifiwa katika matangazo, huchoka mapema. Ndiyo maana nyumba mbili zinazoonana kwa macho, moja kigongoni na nyingine bondeni, zinaweza kuhitaji kampuni mbili tofauti. Jirani yako akikuambia kwamba mtandao fulani ni mzuri, hajasema uongo. Amesema habari za nyumba yake.

Faiba ni jambo jingine. Huo ni uzi mwembamba wa kioo unaopitisha mwanga, nao haujali mwamba wala ukungu. Nyaya za faiba zinazounganisha Dar es Salaam na mikoa ya kaskazini zinapita huko chini tambarare. Lakini uzi kupita bondeni si sawa na uzi kufika kwako, kama vile bomba kuu la maji kupita kando ya kijiji si sawa na kuwa na bomba uani. Wakala akikuahidi faiba, mwulize swali moja tu: nguzo ya mwisho yenye uzi wenu iko wapi, na kutoka hapo mpaka mlangoni kwangu nani atalipia?

Kuna jambo la pili kuhusu mnara, na hili Wapare hatuhitaji kufundishwa na mtu, maana wazee wetu walilijua kabla ya umeme kuwapo. Walituachia ndiva. Maji ya chemchemi na ya kijito hukusanywa bwawani usiku kucha, asubuhi hufunguliwa yakateremka kwa mifereji hadi mashambani, kama ifanyavyo ndiva ya Manoo kule Bangalala. Anayemwagilia peke yake hupata maji tele. Kumi wakifungua kwa pamoja, wa mwisho kwenye mfereji hubaki na tope. Ndiyo maana ndiva ina zamu na ina wasimamizi.

Mnara nao ni ndiva. Uwezo wake ni mmoja, nao hugawanywa kwa wote walioungana nao kwa saa ile. Saa tisa alfajiri watu wamelala, na aliye macho atapata kasi nzuri mno. Saa mbili usiku wote wamerudi nyumbani: huyu anatazama mpira, yule anapiga simu ya video kwa mwanawe, watoto wa jirani wana tamthilia, na mwanafunzi anayetaka kujaza fomu ndiye wa mwisho kwenye mfereji. Wakala akija kukuonyesha kasi saa nne asubuhi, wakati watu wako shambani na watoto wako shuleni, anakuonyesha ndiva isiyo na wakulima. Mwambie kwa upole arudi saa mbili usiku.

Tena ndiva yenyewe lazima ijazwe. Mnara uliounganishwa kwa faiba una chemchemi kubwa. Mnara unaopokea kutoka mnara mwingine kwa mawimbi, nao huo mwingine ukipokea kutoka wa tatu, una kijito. Ndiyo sababu simu inaweza kuonyesha vistari vyote vya mtandao na bado ukurasa ukazunguka tu bila kufunguka. Vistari vinasema kwamba umefika kwenye ndiva. Havisemi kama ndani yake mna maji.

Maneno madogo yenye mfuko mkubwa

Sasa tuseme juu ya lugha ya biashara hii, maana hapo ndipo penye ukali wa neno letu.

Neno la kwanza ni "hadi". Kasi hadi 20, kasi hadi 50. Mkulima akikuuzia gunia "hadi kilo 100", ukafika nyumbani ukapima ukakuta kilo 12, je, hakukudhulumu kwa sababu tu alitanguliza neno "hadi"? Sokoni tungemwita mwizi, na mizani yake tungeipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Katika intaneti tunamwita mtoa huduma na tunamwongezea vocha. Wenye kampuni watajibu kwamba mawimbi hayatabiriki, na kwamba hakuna awezaye kuahidi kasi ileile kila mahali. Tunakubali. Lakini asiyeweza kuahidi kiwango cha juu na aseme kiwango cha chini: katika eneo hili, saa mbili usiku, mteja wetu hatashuka chini ya hapa. Ahadi ni deni. Ahadi isiyo na kiwango cha chini si deni la mtu yeyote, na ndiyo maana inapendwa.

Ongezeni hapa hila ya vipimo. Kasi hutangazwa kwa megabiti, bali mafaili tunayopakua hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, hata ikitimia yote, ni megabaiti 1.25 tu kwa sekunde. Faili la megabaiti 75 litachukua dakika nzima. Kutaja kipimo hicho si dhambi, maana ndicho cha kawaida duniani kote. Kumwacha mteja adhani ni kitu kimoja, huku ukijua kwamba anadhani hivyo, ni jambo ambalo dhamiri ya muuzaji ilipime yenyewe.

Neno la pili ni "bila kikomo". Someni mkataba mpaka mstari wa mwisho, hata kama ni wa maandishi madogo. Mara nyingi mtakuta kwamba baada ya kiasi fulani cha matumizi kasi hushushwa, na kushushwa huko kumepewa jina la heshima, "matumizi ya haki". Haki ya nani? Video ya ubora wa kawaida hula karibu gigabaiti 1 kwa saa. Ya ubora wa juu yaweza kula gigabaiti 3. Nyumba yenye watoto wawili wanaosoma kwa video inaweza kufika kwenye kikomo cha hicho "kisicho na kikomo" kabla mwezi haujafika nusu. Mkataba unaosema wazi kwamba utapata gigabaiti 100 na kisha basi, tunauheshimu kuliko ule unaosema huna mpaka na kumbe mpaka upo.

Neno la tatu ni "muda wa kifurushi". Tumezoea kiasi kwamba hatushangai tena. Mtu ananunua data kwa fedha yake, haijaisha, inafika saa sita usiku inakufa. Hebu fikirini umenunua debe la mahindi, umekula nusu, na usiku wa manane muuzaji anagonga mlango kuchukua yaliyobaki kwa kuwa siku saba zimetimia! Haba na haba hujaza kibaba. Na kwa vifurushi vya siku moja moja, haba na haba humaliza kibaba. Kwa sababu hiyo, anayechagua huduma ya nyumbani asitazame tu ukubwa wa kifurushi na bei yake. Aulize: kinachobaki kinakwenda wapi?

Wala msidhani kwamba sauti ya wateja haina nguvu. Mwanzoni mwa Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipoanza kutumika nchini, wananchi walilalamika kwa nguvu, na ndani ya siku chache Serikali ikaagiza bei za awali zirejeshwe. Hakuna aliyewafanyia watu jambo lile kwa hisani. Walisema, wakasikika.

Habari ya satelaiti na ya kukatika

Tunaulizwa mara kwa mara juu ya madishi ya satelaiti, hasa kwa kuwa tuko jirani na mpaka na habari za wenzetu zinatufikia. Kenya walianza kuhudumiwa na Starlink Julai 2023, na Rwanda walitangulia Februari mwaka huohuo. Satelaiti za kale hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na safari ya kwenda na kurudi huchelewesha sauti karibu nusu sekunde, kiasi cha watu wawili kuingiliana maneno. Hizi mpya huzunguka kwenye kilomita 550 hivi, na ucheleweshaji wake ni mdogo sana. Kwa mtu wa bondeni aliyefunikwa na mwamba pande tatu, teknolojia hii si mzaha. Inahitaji anga tu.

Lakini tunatoa onyo. Mawasiliano hapa nchini huendeshwa kwa leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA. Kabla ya kununua dishi lolote, uliza kama kampuni hiyo ina leseni ya kutoa huduma hiyo Tanzania, na uonyeshwe. Dishi lililovushwa mpaka na kusajiliwa kwa jina la mtu wa nchi nyingine linaweza kuzimwa siku yoyote, na siku hiyo hutakuwa na wa kumlalamikia. Hasira yako juu ya mtandao mbovu isikupeleke kutupa fedha pasipo na mlango wa kurudi.

Swali jingine ambalo wachache huliuliza ni hili: huduma hii ikikatika, ina njia ya pili? Kabla ya Julai 2009, ulipofika Dar es Salaam mkongo wa baharini wa SEACOM, nchi yetu ilitegemea satelaiti za bei kubwa. Mwaka 2010 ukafuata mkongo wa EASSy. Tukazoea. Kisha tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zikapata hitilafu baharini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi nzima ikaonja maana ya kutegemea njia moja ya bahari. Kampuni yenye njia nyingine ina pa kukimbilia. Isiyo nayo hukaa kimya ikingoja meli ya mafundi. Mna haki ya kumwuliza wakala wenu kampuni yake iko kundi gani.

Ni kweli kwamba yako mambo ambayo hakuna uchaguzi wa mteja unaoyaponya. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa hivyo siku kadhaa. Hapo aliyechagua vizuri na aliyechagua vibaya walikaa gizani pamoja. Hilo ni la kudaiwa kwingine, kwa sauti nyingine. Lakini mvua ikinyesha na umeme ukakatika, hapo uchaguzi una maana: mnara wenye betri nzuri utaendelea kwa saa kadhaa, usio nazo utazima pamoja na taa zenu. Haya hayaandikwi kwenye bango. Yanajulikana na majirani.

Je, ni anasa?

Tunawasikia baadhi ya wazee wakisema: "Padre, barabara ni mbovu, maji ni ya shida, nawe unatuletea intaneti?" Wazee wetu tunawaheshimu, na barabara tunaidai pamoja nanyi. Lakini tazameni. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hupokea maombi kwa njia ya mtandao, tena kwa tarehe yenye mwisho. Ajira za Serikali huombwa kwa mtandao. Matokeo ya mitihani ya taifa hutangazwa kwa mtandao. Mkulima wa tangawizi wa Mamba Myamba asiyejua bei ya Dar es Salaam atapangiwa bei na dalali anayeijua. Kijana anayelazimika kupanda gari mpaka Same mjini ili ajaze fomu analipa nauli ya kwenda na kurudi, analipa na mwenye stesheni ya intaneti, anapoteza siku. Na kama kiambatisho kimoja kimekosewa, atarudi tena kesho. Anasa ni kitu unachoweza kukikosa bila kudhulumika. Hiki si anasa tena. Na kwa kuwa si anasa, kukichagua ovyo ni kosa zito zaidi, si jepesi zaidi.

Daftari la mtaa

Basi tufanye nini? Mali bila daftari hupotea bila habari. Tunapendekeza jambo ambalo halimgharimu mtu zaidi ya kalamu na data kidogo.

Katika kila jumuiya ndogo ndogo, nyumba kumi au kumi na tano, tayari zimo laini za Vodacom, Airtel, Halotel, TTCL na Yas, ambayo mpaka Novemba 2024 tuliijua kwa jina la Tigo. Elimu yote tunayoihitaji imo mifukoni mwetu, imetawanyika tu. Tuikusanye. Kwa muda wa wiki mbili, kijana mmoja wa kila jumuiya azunguke na daftari aandike: mtandao gani, nyumba ipi, chumba kipi, saa ngapi, kasi ya kupakua, kasi ya kupakia, na mara ngapi umekatika. Apime nyakati tatu: alfajiri, mchana, na kati ya saa mbili na saa nne usiku. Apime siku ya jua na siku ya mvua. Asipime kupita kiasi, maana kipimo kimoja cha kasi chaweza kula makumi ya megabaiti. Na juu ya kipimo aongeze kazi halisi: piga simu ya video ya dakika kumi na ndugu aliye mbali, fungua ukurasa wa maombi ya mkopo mpaka mwisho. Anayepita mtihani huo saa mbili usiku ndiye anayestahili kuzungumza bei.

Na daftari hili lisiwe la Wakatoliki peke yao. Majirani zetu Walutheri, Wasabato na Waislamu wanakaa chini ya minara ileile, na mnara haumwulizi mtu dini yake. Tuite msaragambo wa namna mpya, wa kuchimba ukweli badala ya mfereji.

Daftari likiwa tayari, nendeni kwa wakala watu kumi pamoja, wala si mmoja mmoja. Mmoja huambiwa "soma mkataba", kumi huulizwa "mnataka nini?" Ombeni siku saba za majaribio ndani ya nyumba kabla ya kufunga mkataba. Ombeni ruta isiyofungwa kwa kampuni moja. Ombeni iandikwe kwamba kasi ikiwa chini ya kiasi mlichokubaliana kwa siku kadhaa mfululizo, mteja aweza kutoka bila faini. Anayekataa yote matatu amekwisha kuwajibu. Kumbukeni pia kwamba tangu Machi 2017 sheria inamruhusu mteja kuhama kampuni bila kubadili namba yake ya simu. Hakuna anayetushika mkono tusiondoke.

Na mkiwa mmekwisha kulipa na huduma ikawa mbovu, msinung'unike barazani tu. Andikeni malalamiko kwa kampuni, mtunze nakala na tarehe. Msiporidhishwa, pelekeni TCRA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003. Na lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kuwasemea watu kama ninyi. Daftari lenye tarehe na saa litasikilizwa pale ambapo manung'uniko hayasikilizwi.

Wenye kampuni, nanyi mtusikie. Mei 2023, kule Dodoma, ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 za vijijini, kwa ruzuku iliyopitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Ruzuku ni fedha ya umma, na umma ni pamoja na bibi wa bondeni. Mkipokea ruzuku ili mfike kijijini, msihesabu kwamba mmefika siku mnara uliposimama. Mmefika siku mwanafunzi wa bondeni alipotuma fomu yake saa mbili usiku, ikaenda.

Wapendwa, Jumapili ijayo baada ya Misa ya kwanza, wenyeviti wa jumuiya wabaki kidogo nje ya kanisa. Madaftari tutayagawa wenyewe. Hadi hapo, mwenye fedha ya ruta mfukoni na aitunze wiki mbili zaidi, haitaoza.

Tunawatakia juma lenye amani na baraka za Mungu.